Ngata ya Nne

Wateja wakiulizia picha iliyogeuziwa ukuta huko nyuma ya duka langu, huwaambia ni ya jirani. Kama wana muda, huwasimulia yaliyompata huyo jirani. Husikiliza, hushika mashavu, huondoka. Jirani mwenyewe hayupo. Ni mimi. Leo nimechoka kumsingizia mtu ambaye hajazaliwa.

Mimi ni fundi wa fremu. Kazi yangu ni kukata mbao, kioo na kadi, kisha kuvifunga pamoja ili kitu cha mtu mwingine kipendeze ukutani. Haya yalianza Alhamisi moja asubuhi, jua likiwa limeingia mpaka kwenye meza ya kukatia. Nilikuwa nimemaliza kupiga randa mbao za siku hiyo, na maranda yalikuwa yamejaa miguuni na kwenye nywele. Redio ya fundi viatu wa mlango wa pili ilikuwa ikisoma matangazo ya vifo, na mwenyewe akijibu "poleni" baada ya kila jina. Dada yangu akaingia na mkoba wake mpana wa michoro kwapani, akanitoa maranda kichwani kwa vidole viwili, akacheka.

Nikisema dada yangu inabidi nieleze, na kueleza huko ndiko kumenila maisha. Baba yetu ni mmoja. Yeye alizaliwa ndani ya nyumba ya baba, mimi nilizaliwa mitaa mitatu kutoka hapo, miaka miwili baadaye, kwa mama ambaye hakuwahi kukanyaga sebule yao. Baba alikuwa akija kwetu Jumamosi, ananunua mkate njiani, anakaa saa moja, anaondoka. Hakuwahi kunikana wala hakuwahi kunitaja. Alipokufa, mjane wake alitangaza msibani kwamba marehemu ameacha watoto wawili, wa kiume na wa kike. Nilikuwa nimesimama hatua tano kutoka kwake, nimebeba sinia ya vikombe. Mimi humwita Mama kwa adabu. Yeye huniita Fundi, na sijawahi kuwa na jina jingine mdomoni mwake.

Dada peke yake ndiye aliyenitafuta. Tulikuwa wasichana wa shule. Alikuja akanitazama miguu, akasema vidole hivi ni vya baba, basi akaanza kuniita mdogo wangu na hakuacha. Nilitaka kitu kimoja tu duniani, nacho ni hicho alichokisema yeye kisemwe na nyumba nzima. Si shamba, si nyumba. Mtu mzima, nina duka langu, lakini kila nikipita nje ya lango lile nilikuwa mtoto anayechungulia.

Alikuwa mwalimu wa kuchora, na alichora kwa rangi za maji tu. Aliwahi kunieleza kwamba katika rangi hizo weupe haupakwi. Weupe wote unaouona ni karatasi yenyewe, imeachwa wazi kwa makusudi. Alikuwa na tabia mbaya ya kutia brashi mdomoni ili kuchonga ncha, nami nilimgombeza kila mara kwamba ipo siku atakunywa sumu. Alijibu kwamba maji ya kikombe hayana adabu, mate yanasikia.

Siku hiyo alitandaza mezani picha za mataji.

Ukoo wa baba hujigamba kwamba ulitawala. Wapi hasa, juu ya nani na mpaka lini, hutegemea nani anasimulia na ameshiba kiasi gani. Kaka yetu, aliyekuwa akipita nyumba kwa nyumba kusoma mita za maji, aliingia uani mwa watu kama mtu anayekagua mateka. Mtaa ulimbandika jina la Mtukufu, na mpaka anakufa hakugundua kwamba ulikuwa utani. Aliyewahi kuyaona mataji kwa macho ni shangazi peke yake, dada yake baba, mkunga mstaafu ambaye mikono yake ilipokea nusu ya mtaa ule, nami nikiwemo. Akiwa na miaka sita babu yake alimfungulia sanduku mara moja. Ndani mlikuwa na mataji matatu: moja la shaba, moja la shanga nyekundu, moja la ngozi lililozungushiwa pembe. Mwaka uliofuata sanduku likapotea katika kuhama, au likauzwa, hakuna anayekubali kujua. Dada alikaa na shangazi wiki nyingi, penseli mkononi, bibi wa watu akisahihisha shanga moja baada ya nyingine.

Palikuwa na sharti moja. Chini ya kila taji ichorwe ngata, ile duara ya nguo iliyosokotwa ambayo mtu huweka kichwani kabla ya kujitwika mzigo. Mataji yale, alisema shangazi, hayakuwekwa chini hivihivi. Yakishavuliwa yalilazwa juu ya ngata, hata mle sandukuni.

"Taji likilala juu ya ngata linajua limevuliwa," aliniambia siku moja nilipompelekea miwani yake. "Ukiliacha wazi linadhani bado limevaliwa. Linaanza kutafuta kichwa."

Nilicheka. Yeye hakucheka, na hilo nililiona. Kwa hiyo nisije nikasema sikujua.

Picha zilikuwa nzuri, lazima niseme. Shaba ilikuwa na ule ukijani wa vitu vya zamani, na chini ya kila taji ngata imepakwa kwa rangi nyepesi ya udongo wa njano, kama kivuli tu. Ila picha zilikuwa nne. Nikauliza la nne limetoka wapi wakati shangazi aliona matatu. Dada akasema ukuta wa sebule unataka picha nne, akaliwaza mwenyewe. Lilikuwa dogo kuliko mengine, la rangi ya asali, limezungukwa na vitu vyepesi vilivyojiviringisha, nikadhani ni majani makavu. Akaniomba ziwe tayari Jumapili ya wiki inayofuata, kwa mkusanyiko wa kumkumbuka baba. Akiwa mlangoni akageuka.

"Nyuma nimeandika kwa penseli," alisema. "Usome kabla hujazifunika."

Nikasema sawa, nikarudi kwenye msumeno.

Jumanne kaka akaleta kitu cha tano. Ilikuwa orodha ya uzao wa baba, imechapishwa kwa herufi za madaha, itundikwe katikati ya mataji. Dada alikuwa ameniahidi. Mwaka huu, alisema, jina lako litakuwemo, liwalo na liwe. Nilisubiri kaka aondoke ndipo nikaisoma. Jina la baba juu. Chini yake jina la kaka, kisha la dada. Chini ya la dada palikuwa na nafasi nyeupe ya jina moja.

Niliisoma mara tatu, kama vile herufi zingenionea huruma. Halafu nikampigia dada. Alikuwa analia. Mama alikuwa amesema jina hilo likiingia, yeye hatoki chumbani siku hiyo na wageni watajua kwa nini. Dada akasema vumilia kidogo, mdogo wangu, nina njia nyingine. Nikakata simu. Nilikuwa nimevumilia miaka thelathini na minne, na sasa nilikuwa nimeajiriwa kuitia kioo aibu yangu mwenyewe, niisugue isiwe na alama za vidole.

Nitaeleza nilichofanya kwa utaratibu, kwa sababu nilikifanya kwa utaratibu. Picha ya rangi za maji haigusi kioo. Katikati unaweka kadi nene iliyokatwa dirisha, picha inaonekana kupitia dirisha hilo. Ukubwa wa dirisha anaamua fundi. Nilipima picha ya kwanza, nikapandisha ukingo wa chini vidole viwili, nikakata. Kadi ikalala juu ya ngata yote. Taji likabaki limeelea kwenye weupe, na ubaya ni kwamba lilipendeza zaidi. Nikafanya hivyo kwa ya pili, ya tatu na ya nne. Wamenifunika, nikasema moyoni, nami nifunike chao. Sikuamini kwamba kuna taji linalotafuta kichwa. Ila kama lipo, nilitaka liwatafute wao. Kisha nikabandika karatasi ya kaki nyuma ya zote nne bila kusoma kilichoandikwa.

Jumapili alasiri tulizitundika. Wageni walijaa mpaka uani. Mama alinitambulisha vizuri sana: huyu ndiye fundi aliyetutengenezea fremu, jamani, ana mkono msafi. Kisha akanielekeza jikoni kwamba kuna chai. Shangazi macho yake yalikwisha kuwa na ukungu, akasogeza pua karibu na kioo, akasema taji la shanga limetoka lenyewe kabisa. Dada alisimama muda mrefu. Akanishika kiwiko.

"Umefunika ngata," alinong'ona.

Nikamwambia karatasi ilikuwa imevimba kwa chini, isingekaa sawa, lakini ngata zipo palepale, hazijaenda popote. Alinitazama. Aliniamini, kwa sababu hakuwa na mazoea ya kutoniamini. Naona uso huo mpaka leo.

Jumatano kaka hakwenda kazini. Alisema kichwa kizito. Si kuuma, kizito. Kwenye paji la uso palikuwa na mstari wa njano iliyofifia, kama alama ya kofia inayobana, umezunguka mpaka kisogoni. Waliuosha kwa sabuni haukutoka. Hospitali walimpima kila kitu wakaona mzima. Siku ya tano shingo ilishindwa, akawa anaongea kidevu kikiwa kifuani. Siku ya tisa, saa nne asubuhi, mtu akimnywesha uji, alisema wamwondolee hiki kitu. Wakamuuliza kitu gani. Hakujibu tena.

Baada ya mazishi Mama akanipigia simu. Akasema Fundi, picha moja imeingia unyevu, njoo uangalie kazi yako.

Nilikwenda mchana. Sebule ilikuwa tupu, viti bado vimepangwa kimsiba. Chini ya taji la shaba, pale palipokuwa peupe, palikuwa na doa la kijivu. Nikasogea. Lilikuwa na umbo. Paji la uso. Nyusi mbili. Ya kushoto ilikuwa na mkato katikati, pale kaka alipoangukia ngazi akiwa mdogo. Nikaishusha picha, nikaifungua kwa mbele, nikagusa karatasi.

Ilikuwa kavu.

Nikamwambia Mama ni ukungu, mambo ya ukuta. Niliirudisha ukutani. Hapo ndipo ningezitoa kadi zote nne na kuzichana. Kazi ya dakika ishirini. Lakini kabla sijatoka alinipa bahasha ya ujira, akasema asante Fundi, pita mlango wa nyuma, mbele kuna wageni. Nikapita mlango wa nyuma. Kadi nikaziacha.

Siku mbili baadaye shangazi alikuja dukani, ameshikwa mkono na fundi viatu. Akakaa kwenye kigoda changu akasubiri fundi viatu atoke. Chini ya kitambaa chake cha kichwa niliona ncha ya mstari wa njano.

"Ngata umezipeleka wapi?" aliuliza.

Nikamwambia ziko chini ya kadi. Akasema zifunue leo. Hakunigombeza hata kidogo, na labda angenigombeza ningemtii. Nilimwambia nitafunua, lakini kwanza asimame mbele ya Mama aseme yale ninayojua kwamba anayajua. Yeye ndiye aliyenipokea. Yeye ndiye aliyemwona baba akinibeba.

"Alikubeba," alisema. "Alilia mpaka nikamfukuza chumbani."

"Miaka yote hiyo umenyamaza."

"Nilinyamaza ili nyumba isivunjike." Akajipapasa kitambaa. "Mwanangu, kichwa kinaniinama. Tufanye haraka."

Nilimwambia aseme kwanza. Ndivyo nilivyomjibu mtu aliyenikata kitovu.

Alikwenda mchana uleule. Niliambiwa baadaye alisimama katikati ya sebule akayasema yote, tarehe na saa, na jinsi baba alivyolia. Mama akasema huo ni uzee. Shangazi akanyoosha mkono kutafuta kiti, akakikosa. Alipoinuliwa shingo ilikuwa imelegea kama ya mtoto wa siku moja. Hakumaliza siku tatu. Chini ya taji la shanga nyekundu uso ulitokea mapema zaidi, na huo ulikuwa na macho. Hayakuwa na ukungu.

Sasa niliogopa. Niliogopa mpaka nikashindwa kuwasha mashine. Na bado, nisikilizeni vizuri, bado nilisema nitakwenda kesho. Kuzifunua kungekuwa kukiri nilizifunika. Ningewaambia nini, kwamba mtoto wasiyemtaka ndiye aliyewaua? Nikakaa na neno hilo siku nzima. Asubuhi yake simu ya dada ikaita.

"Mdogo wangu," alisema, "kichwa changu kizito."

Sikufunga duka. Nilikimbia na kisu cha kadi mkononi, watu wakinipisha njia.

Mama alifungua mlango wa mbele. Kwa mara ya kwanza hakuniita kitu chochote. Dada alikuwa sebuleni kwenye kochi, mito imemzunguka shingoni, mstari wa njano umekolea kama uliopakwa sasa hivi. Nikashusha picha zote nne sakafuni. Nikamwambia ukweli wote huku navunja misumari ya fremu kwa mbele. Kwamba karatasi haikuvimba. Kwamba nilikasirika. Sikumtazama. Nikaing'oa kadi ya kwanza.

Ngata haikuwepo.

Nikang'oa ya pili. Peupe. Ya tatu, peupe. Ya nne. Karatasi safi, kana kwamba brashi haijawahi kupita pale. Nikapitisha kidole, nikatazama upande wa ndani wa kadi labda rangi imehamia huko. Hapakuwa na kitu.

Dada akaomba rangi zake. Mama alizileta mbio, na kikombe cha maji, na kikombe kilikuwa kikigonga sahani. Dada hakuweza kuinua kichwa. Basi nikakaa nyuma yake kwenye kochi nikakishika kwa viganja vyangu viwili, kimoja chini ya kidevu, kimoja kisogoni. Uzito ule siwezi kuueleza. Nimewahi kubeba kioo cha dirisha la duka mimi na mtu mmoja tu, hakikuwa hivyo. Nilikuwa nimekuwa ngata yake.

Nikamwambia Mama aweke taji la ngozi na pembe mbele yake, kwa sababu yale mawili ya kwanza yalikwisha kuwa na wenyewe. Chini ya hili la tatu palikuwa pameanza kuwa kijivu.

"Hapana," dada alisema. "Leteni la nne."

"Dada, lako kwanza."

"Mkono una ngata moja tu. Najua mkono wangu."

"La nne si la mtu."

Nilisikia pumzi yake ikipita kwa shida kwenye viganja vyangu.

"Ni lako," alinong'ona. "Hukuona maranda?"

Nikatazama. Yale niliyoyadhania majani. Yalijiviringisha rangi ya asali, membamba, yamepangana kuzunguka taji, kama yanavyojiviringisha kwenye meza yangu kila asubuhi. Alikuwa amechora maranda ya mbao. Alikuwa amenitengenezea taji kwa takataka za kazi yangu na kulitundika sebuleni kwa baba, katikati ya yao, mbele ya wageni wote, na mimi nilikuwa jikoni nakunywa chai.

Wakati huohuo nikahisi. Kitu kilinigusa paji la uso. Kikazunguka. Kikakaza. Kilikuwa baridi na kilikuwa na haki yake. Maisha yangu yote nilitaka nyumba ile inihesabu, na sasa ilikuwa ikinihesabu.

Mama aliniona. Alishika mdomo.

Dada alichovya brashi kwenye rangi ya udongo wa njano. Akaitia mdomoni, akaichonga ncha kwa midomo, kama kawaida yake. Sikumgombeza. Akachora duara chini ya taji la maranda, polepole, mkono hautetemeki hata kidogo. Akafunga duara. Kile kilichonibana kikalegea, kikabaki kama uzi.

"Sasa lako," nilisema. "Dada. Sasa lako."

Brashi ilianguka kwenye kochi. Nilikishika kichwa chake mpaka adhana ya alasiri, na baada ya hapo nilikishika tu. Walinibandua kwa nguvu. Niliwahi kumfanyia nini mtu yule cha kustahili aniachie ngata yake ya mwisho? Nilimdanganya kwamba karatasi imevimba.

Siku ya tatu baada ya mazishi nilikuwa dukani sifanyi kitu. Mama aliingia. Hakuwahi kuingia humo. Alikuwa na kijana wa mkokoteni amebeba picha nne zilizofungwa shuka, akazilaza mezani, akamwambia akasubiri nje. Mama alikuwa amekonda, na paji lake la uso lilikuwa safi kabisa. Hakuna taji lililokuwa na haja naye. Alizika watoto wake wote wawili na wifi yake, akabaki na sebule.

"Zichukue," alisema. "Ni za kwenu."

Alitoka kabla sijajibu. Nililisubiri neno lile miaka thelathini na minne, na lilipokuja halikuwa na mtu wa kulifurahia.

Jioni hiyo nilizigeuza na kubandua kaki. Nyuma ya taji la shaba, kwa penseli, palikuwa na jina la kaka. Nyuma ya la shanga, la shangazi. Nyuma ya la pembe, jina lake mwenyewe. Nyuma ya la nne aliandika: La mdogo wangu, mtoto wa baba, fundi wa nyumba hii. Chini yake akatia tarehe, wiki mbili kabla ya ile orodha kuchapishwa.

Yale matatu nimeyazika nilikoona kunafaa, kila moja na uso wake. La nne ndilo lililogeuziwa ukuta.

Rangi za maji hukauka kwa dakika chache, siku ya jua hata kabla hujamaliza kuosha brashi. Ngata ile ina miaka miwili na haijakauka. Kila asubuhi kabla ya kufungua duka naigeuza picha, nagusa, kidole kinarudi na majimaji ya njano. Nawaonyesha wateja wachache ninaowaamini. Hufikiri nimetoka kuipaka. Nami huvaa kitambaa cha kichwa, kwa sababu ule uzi wa njano kwenye paji haujawahi kutoka.

Jumatatu iliyopita niligusa upande wa kushoto, kidole kikarudi kikavu. Jumanne ukavu ulikuwa umesogea kiasi cha ukucha. Nikanunua rangi ileile, brashi ileile. Nikaitia brashi mdomoni, nikaichonga ncha kwa midomo kama alivyokuwa akifanya, nikapitisha juu ya duara. Karatasi haikuipokea. Rangi ilijikusanya tone, ikateremka juu ya ngata bila kuilowesha, ikaangukia mezani kwenye maranda.

Leo asubuhi nilipoinama kufungua kufuli la duka, nilichelewa kuinua kichwa.